Nyota, Siku na Jina: Misingi ya Unajimu wa Kiveda na Hesabu ya Ayyaana ya Waborana wa Isiolo

Utangulizi

Katika magazeti na vipindi vingi vya redio vya Afrika Mashariki, neno unajimu limezoeleka kwa maana moja tu, yaani utabiri. Msomaji hutafuta nyota yake, iwe ni Punda, Kaa, Simba au Mizani, husoma kwamba juma hili atapata fedha au atakosana na mwandani wake, kisha hufunua ukurasa wa michezo. Mazoea hayo yamelifanya neno lenye historia ndefu kuwa dogo mno. Elimu ya kusoma anga, kupanga siku na kumpa mtoto jina kwa kufuata wakati aliozaliwa imefungiwa katika kisanduku kimoja pamoja na ramli na bahati nasibu.

Makala haya yanakusudia kutekeleza mambo matatu. Kwanza, yataeleza misingi ya unajimu wa Kiveda, yaani ule wa Wahindi wa kale, ambao bado unatumiwa na mamilioni ya watu, wakiwemo wengi wenye asili ya Kihindi wanaoishi Kenya. Pili, yatauweka unajimu huo kando ya elimu iliyo karibu nasi zaidi, nayo ni hesabu ya ayyaana ya Waborana. Tatu, yatauliza Kiswahili kiziite nini elimu hizi mbili bila kuzipunja.

Isiolo ni mahali pafaapo kwa zoezi hili. Mji huo umekaa pale nyanda za juu za Meru zinapokutana na nchi kavu ya kaskazini. Sokoni husikika Kiborana, Kiturkana, Kisamburu, Kisomali na Kimeru, na Kiswahili ndicho kiunganishi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Garba Tulla, Kinna au Merti anazo nyumbani istilahi za wakati na anga ambazo kamusi zetu hazijazisikia. Ifahamike mapema kuwa makala haya hayamfundishi mtu kutabiri wala hayamshawishi aamini. Yanamwomba aelewe kabla ya kuhukumu.

Falaki na unajimu katika Kiswahili

Maneno yote mawili yametujia kutoka Kiarabu. Unajimu umetokana na neno lenye maana ya nyota. Falaki imetokana na neno linalohusu mzunguko wa sayari angani. Katika matumizi ya wanazuoni wa pwani, falaki ni elimu ya mienendo na hesabu: jua linatua lini, mwezi utaandama lini, kibla kiko upande gani. Unajimu ni hatua ya pili, yaani kufasiri mienendo hiyo kuwa na maana kwa maisha ya mwanadamu. Mtu anaweza kuwa mwanafalaki hodari asiwe mnajimu, ila mnajimu asiyejua falaki hana pa kusimama.

Lugha yetu ina hazina kubwa katika uwanja huu. Tunazo sayari Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Tunazo buruji 12. Upwani kuna mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, ambao uligawanywa katika miongo ya siku kumi kumi na kuwafaa mabaharia na wakulima. Sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika Makunduchi, Unguja, kila mwezi wa Julai ni kumbukumbu hai ya hesabu hiyo. Wahenga nao walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni kile kishada cha nyota ndogo kinachoonekana kwa macho, na jina lake limetokana na kitenzi kulima. Msomaji akiweke moyoni kishada hiki, kwa kuwa tutakutana nacho India na tena Isiolo.

Chimbuko la unajimu wa Kiveda

Wahindi huiita elimu hii Jiotisha, neno la Kisanskriti linalohusiana na nuru. Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kuvutia ni mahali ilipowekwa. Veda, maandiko matakatifu ya kale ya India, zilikuwa na taaluma sita za kuzisaidia zilizoitwa viungo vya Veda. Nne kati ya hizo zilihusu lugha: fonetiki, arudhi, sarufi na etimolojia. Ya tano ilihusu taratibu za ibada, na ya sita ndiyo Jiotisha. Elimu ya nyota, basi, ilikaa safu moja na sarufi na arudhi, na sababu yake ilikuwa ile ile: ibada ilitakiwa isomwe kwa matamshi sahihi, na ilitakiwa ifanywe kwa wakati sahihi.

Matini ya kale zaidi ya taaluma hii inayohusishwa na mtaalamu aitwaye Lagadha haitabiri maisha ya mtu yeyote. Ni kitabu cha hesabu. Kinaeleza mzunguko wa miaka 5 wenye siku 1830, na kinaonyesha kuwa katika muda huo mwezi huandama mara 62 na kuzunguka anga lote mara 67. Msomaji akigawanya 1830 kwa 62 atapata siku 29 na nusu hivi. Akigawanya kwa 67 atapata siku 27 na sehemu ndogo. Hesabu hizi mbili ndizo ufunguo wa makala haya.

Utabiri wa maisha ya mtu binafsi kwa kutumia buruji 12 ulikuja baadaye, katika karne za mwanzo baada ya Kristo, pale elimu ya Wahindi ilipokutana na ile ya Wagiriki. Kwa hiyo unajimu unaoitwa wa Kiveda leo ni mto wenye vijito viwili: kalenda ya kale ya mwezi na nyota, na utabiri uliotokana na mkutano wa tamaduni.

Nguzo za Jiotisha

Nguzo ya kwanza ni graha tisa. Hizi ni Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura na Zohali, pamoja na mbili zisizo na mwili, Rahu na Ketu. Rahu na Ketu ni pointi mbili ambapo njia ya mwezi hukata njia ya jua angani. Kupatwa kwa jua au mwezi hutokea pale tu jua na mwezi vinapokuwa karibu na pointi hizo, ndiyo maana masimulizi ya Kihindi yanamsawiri Rahu kama jitu linalomeza mwanga.

Nguzo ya pili ni rashi 12, yaani buruji, kila moja ikiwa na digrii 30. Hapa pana tofauti kubwa na unajimu wa magazetini. Unajimu wa Kimagharibi huanza kuhesabu buruji kutoka mahali jua lilipo mwezi Machi, usiku na mchana vinapolingana. Mahali hapo husogea polepole mno ukilinganisha na nyota, kwa sababu mhimili wa dunia unayumba kama pia inayozunguka. Jiotisha hufuata nyota zenyewe. Leo tofauti kati ya hesabu hizi mbili ni takriban digrii 24. Mtu aliyezaliwa tarehe 5 Aprili huambiwa na gazeti kuwa nyota yake ni Punda; mnajimu wa Kihindi atamwambia kuwa jua lilikuwa bado katika Samaki, kwani kwa hesabu yake jua huingia Punda katikati ya Aprili.

Nguzo ya tatu ni nakshatra 27. Mwezi huzunguka anga kwa siku 27 na theluthi moja hivi, na kila usiku hulala, kwa lugha ya picha, katika kituo kipya. Wahindi waligawa njia yake katika vituo 27, kila kimoja kikiwa na digrii 13 na theluthi moja. Kituo cha tatu katika orodha ya leo, ambacho katika orodha za kale kilikuwa cha kwanza, huitwa Krittika. Krittika ndicho Kilimia chetu.

Kila nakshatra ina robo nne, na 27 mara 4 ni 108. Kila robo imepewa silabi yake, na kwa desturi jina la mtoto huanza na silabi ya robo aliyokuwamo mwezi alipozaliwa. Mtoto wa Krittika, kwa mfano, hupewa jina linaloanza na mojawapo ya irabu A, I, U au E kulingana na robo. Wanaisimu watatambua hapa jambo adimu, yaani anga zima limegawanywa kwa silabi.

Nguzo ya nne ni nyumba 12 za maisha. Mnajimu hutafuta kwanza buruji iliyokuwa ikichomoza upande wa mashariki saa ya kuzaliwa. Buruji hiyo, iitwayo lagna, huwa nyumba ya kwanza, nayo huhusu mwili na nafsi. Zinazofuata huhusu mali, ndugu, mama na makazi, watoto, maradhi na maadui, ndoa, na kuendelea hadi ya 12. Kwa kuwa buruji mpya huchomoza takriban kila saa mbili, mnajimu huhitaji kujua saa, dakika na mahali pa kuzaliwa.

Nguzo ya tano ni vipindi vya maisha viitwavyo dasha. Katika utaratibu maarufu zaidi, umri wa mtu huchukuliwa kuwa miaka 120 na kugawiwa graha zote tisa: Ketu miaka 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19 na Utaridi 17. Kipindi cha kwanza huamuliwa na nakshatra ya kuzaliwa. Aliyezaliwa mwezi ukiwa mwanzoni mwa Krittika huanza na miaka 6 ya Jua, kisha 10 ya Mwezi, kisha 7 ya Mirihi.

Zaidi ya nguzo hizi kuna kalenda ya kila siku iitwayo panchanga, maana yake viungo vitano. Hutaja siku ya mwandamo wa mwezi, siku ya juma, nakshatra, na vipimo vingine viwili vinavyotokana na jua na mwezi. Kwa panchanga familia hupanga arusi na kuhamia nyumba mpya, na kwayo tarehe ya Diwali, inayoangukia giza la mwezi, hujulikana kila mwaka. Kalenda hii huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili na miezi kadhaa ili isiachane na misimu. Ndiyo sababu Diwali haitoki nje ya Oktoba na Novemba, ilhali Ramadhani, inayofuata mwezi mtupu, huzunguka misimu yote.

Hesabu ya ayyaana ya Waborana

Sasa turejee Isiolo. Waborana ni tawi la Waoromo. Wengi wao huishi kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Wanaoishi katika Kaunti ya Isiolo hujulikana kama Waborana wa Waso, kwa jina la mto Ewaso Nyiro. Maelezo yaliyoifanya hesabu yao ijulikane vyuoni yalitolewa na mwanaanthropolojia Asmarom Legesse katika kitabu chake kuhusu gada cha mwaka 1973. Wataalamu kama Laurance Doyle mwaka 1986 na Marco Bassi mwaka 1988 waliirudia mada hiyo, hasa juu ya namna mwezi unavyolinganishwa na nyota.

Kwa mujibu wa maelezo ya Legesse, mwaka wa Kiborana una miezi 12 ya kuandama, kila mmoja ukiwa na siku 29 au 30. Mwezi wa kwanza ni Bittottessa. Miezi sita ya mwanzo hutambuliwa kwa mwezi mchanga kukaribiana na nyota fulani kwa mpangilio: Lami, ambazo ni nyota za kundi la pembetatu kaskazini-magharibi mwa Kilimia, Busan, ambacho ndicho Kilimia, kisha nyota nyekundu inayokifuata Kilimia, kisha nyota za kundi la mwindaji, na hatimaye Basa, nyota ing'aayo kuliko zote usiku. Miezi sita ya mwisho hutambuliwa kwa umbo la mwezi unapokuwa karibu na Lami, kutoka mwezi mpevu ukipungua hadi kuwa mwembamba.

Sambamba na miezi hiyo kuna mzunguko wa siku zenye majina, na majina hayo ni 27. Huanza na Bita Kara, Bita Lama, Sorsa, Algajima, Arb, Walla, Basa Dura na Basa Ballo, na huishia na Garba Dura, Garba Balla na Garba Dullacha. Kila siku ni ayyaana. Neno hili lina matawi mengi: ni siku, ni roho ya siku, na ni bahati au tabia inayoambatana nayo. Kuna siku zifaazo kwa sherehe fulani na siku zisizofaa, na aliyezaliwa katika ayyaana fulani huhusishwa na tabia yake. Mtaalamu wa hesabu hii huitwa ayyantu. Hana kitabu wala chombo cha kupimia. Hutazama anga, hukumbuka, na akihojiwa huweza kutaja jina la siku bila kusita.

Kwa kuwa majina ni 27 na mwezi una siku 29 au 30, majina mawili au matatu hujirudia ndani ya mwezi mmoja, na mwezi unaofuata huanza na jina tofauti. Mwaka nao wa siku 354 ni mizunguko 13 kamili ya siku 27, inayofanya siku 351, na kuzidi siku 3. Ayyantu huendesha magurudumu mawili kichwani, moja la siku na jingine la mwezi, na ujuzi wake uko katika kujua yanapokutana.

Kwa nini 27?

Hapa msomaji atauliza swali la haki. Nakshatra 27 India na ayyaana 27 Isiolo: je, nani aliazima kwa nani? Bahari ya Hindi imesafirisha watu, bidhaa na maneno kwa karne nyingi, na Kiswahili chenyewe ni ushahidi. Hata hivyo, namba peke yake haithibitishi uazimaji. Mwezi ni ule ule kwa wote, na huchukua siku 27 na theluthi moja kurudi kwenye nyota ile ile. Mtu yeyote atakayetazama kwa subira, awe kando ya mto Ganges au kando ya Ewaso Nyiro, atafika 27 au 28. Waarabu na Wachina walichagua 28. Baadhi ya maandiko ya Kihindi pia huongeza nakshatra ya 28 iitwayo Abhijit.

Ukiacha namba, tofauti hujitokeza wazi. Nakshatra ni mahali angani. Ayyaana ni siku. Jiotisha humtaka mtu saa na dakika ya kuzaliwa, na matokeo yake ni ramani ya mtu mmoja. Ayyaana ni ya wote waliozaliwa siku hiyo, na huhitaji tu jamii inayokumbuka leo ni siku gani. Jiotisha imebebwa na majedwali na maandishi. Ayyaana imebebwa na wazee. Tofauti hii ya mwisho ndiyo yenye hatari, kama tutakavyoona.

Wakati kuwa jina

Mahali ambapo elimu hizi hukutana na maisha ya kila siku ni katika majina. Darasa lolote la Isiolo lina Guyo, aliyezaliwa mchana. Boru, wa alfajiri. Galgalo, wa jioni. Halkano, wa usiku. Roba ni mtoto wa mvua, Bonaya ni wa kiangazi, Jillo ni wa wakati wa sherehe, na Godana ni wa wakati wa kuhama. Wasomaji kutoka Nyanza watawatambua hapa Otieno wa usiku na Okoth wa mvua, na wa pwani watawakumbuka Juma, Hamisi, Rajabu na Ramadhani. Jina la mtu, katika jamii hizi zote, ni kalenda ndogo.

Majina hutunza pia historia. Pamoja na majina ya kale, Waborana wa Kenya wana majina ya siku za juma yaliyotoka Kiarabu, kama vile Kamisa na Gumata, na msichana aliyezaliwa Ijumaa huitwa Gumato. Neno Arba lina mtego unaostahili kuangaliwa na wafasiri. Katika juma, Arba ni Jumatano na asili yake ni Kiarabu. Katika lugha ya Kioromo, arba ni tembo. Na katika orodha ya siku 27 kuna Arb. Mfasiri asiyejua anatumia kalenda ipi atamhamisha mtu kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine bila kutambua.

Hali ya elimu hii Isiolo

Ayyaana haikuwahi kusimama peke yake. Ilikuwa saa ya mfumo wa gada, ambao huwapanga wanaume katika marika na kukabidhi uongozi kila baada ya miaka 8. Historia husimuliwa kwa kutaja gada ya kiongozi aliyetawala: ukame fulani, vita fulani na mapatano fulani hupata mahali pake kwa jina la Abba Gada wa wakati huo. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliuingiza mfumo wa gada wa Waoromo wa Ethiopia katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

Waborana wa Waso walitengwa na chanzo hicho. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamishia eneo la Waso na kuwawekea mipaka ya malisho, mbali na wenzao wa Marsabit na Ethiopia waliokuwa na viongozi wa ibada na sherehe za gada. Katika miongo iliyofuata wengi walisilimu, na kalenda ya Kiislamu ikachukua nafasi ya kuongoza mfungo, sikukuu na arusi. Kisha vikaja vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, ambapo mifugo mingi iliangamia na watu wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Mfugaji aliyezuiwa kulala na mifugo wake nyikani hunyimwa pia anga lake la usiku.

Tusilaumu dini kwa jambo hili. Uislamu unaikubali falaki kwa ajili ya vipindi vya swala na kibla, na unakataza kutafuta ghaibu kwa nyota. Mpaka huo kati ya kuhesabu na kubashiri ndio ule ule uliomo katika maneno yetu mawili. Tatizo huja pale mpaka unaposahaulika na hesabu ya siku, majina ya nyota na kumbukumbu za gada vikatupwa pamoja na ubashiri kwa kuitwa ushirikina. Kijana akishaambiwa hivyo, hatamuuliza babu yake jina la siku ya leo. Mzee naye asipoulizwa hufa na majina 27.

Je, nyota hutabiri kweli?

Haitoshi kueleza itikadi bila kutaja ushahidi. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson ambapo wanajimu wa Kimagharibi walishindwa kuoanisha ramani za nyota na maelezo ya tabia za watu kuliko inavyotarajiwa kwa kubahatisha. Nchini India, mwanafizikia Jayant Narlikar na wenzake walikusanya ramani za kuzaliwa za watoto 100 waliong'aa shuleni na 100 wenye ulemavu wa akili. Kila mnajimu alipewa ramani 40 azitenganishe. Wanajimu 27 walirudisha majibu, na kwa wastani walipata asilimia 46, chini kidogo ya yule anayerusha sarafu hewani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009.

Kwa hiyo, kama madai ni kwamba nyota huamua nani atafaulu na nani atafilisika, ushahidi haupo. Lakini madai kwamba mwezi hurudi kwa nyota ile ile baada ya siku 27 na ushei, kwamba Kilimia huzama na kuzuka kwa majira yake, na kwamba jamii inaweza kutunza hesabu hiyo bila maandishi, ni kweli tupu inayoweza kuhakikiwa usiku wowote usio na mawingu. Ukame wa misimu mitano mfululizo uliolikumba eneo la kaskazini kuanzia mwishoni mwa 2020 haukuletwa wala haungezuiwa na ayyaana yoyote. Hata hivyo, jamii yenye kumbukumbu iliyopangwa ya ukame uliopita, na mapatano ya malisho yaliyofuata, ina kitu cha kushikilia inapojadili kesho.

Istilahi: pendekezo

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza wanafunzi wenzetu waanze kutofautisha katika maandishi yao. Falaki iwe ni hesabu na mienendo. Unajimu uwe ni ufasiri wa mienendo hiyo. Utabiri uwe ni tawi moja tu la unajimu. Nakshatra yaweza kuitwa manzili, neno lililokwisha kutumiwa na wanafalaki kwa vituo vya mwezi, na rashi iitwe buruji. Muda wa siku 29 na nusu uendelee kuitwa mwezi mwandamo. Muda wa siku 27 na theluthi uitwe mwezi wa nyota.

Ayyaana ibaki ayyaana. Kuiita nyota ya mtu ni kuifanya ya magazeti. Kuiita siku ni kuiondolea roho. Kuiita pepo ni kuitukana. Kiswahili kimekwisha kupokea maneno mengi kutoka ng'ambo ya bahari na kuyapa ngeli na viambishi. Hakuna sababu ya kusita kupokea neno kutoka Garba Tulla. Tuseme ayyaana hii, ayyaana hizi, na mwenye elimu hiyo aitwe ayyantu, wingi maayyantu.

Hitimisho

Tumeona kuwa unajimu wa Kiveda una hesabu iliyo sahihi na utabiri usiothibitika, na kwamba viwili hivyo havikuzaliwa siku moja. Tumeona pia kuwa Waborana walifikia mzunguko wa siku 27 na wakajenga juu yake utaratibu wa majina, sherehe na historia. Jiotisha ina maktaba na programu za kompyuta za kuitunza. Ayyaana, hasa huku Waso, ina wazee wachache na watoto wanaosoma kwa Kiswahili na Kiingereza.

Kazi iliyopo si kubwa ya kumshinda mwanafunzi wa mwaka wa pili. Aende likizo na daftari, aandike majina 27 kwa mpangilio jinsi yanavyotamkwa kwao, aulize kila jina lina maana gani na lina tabia gani, na aonyeshwe Lami na Busan kwa kidole. Aulize pia nini kimesahaulika, maana hilo nalo ni data. Kurasa za jarida hili zingali wazi kwa ripoti ya namna hiyo, na ingependeza iandikwe kwa Kiswahili na mtoto wa Isiolo mwenyewe.